WILT CHAMBERLAIN: JITU LILILOTUNGIWA SHERIA

Katika kambi na vituo vingi vya askari hakikosekani kiwanja cha mpira wa kikapu, hata kama pete imepinda na wavu ulikwisha kuoza siku nyingi. Jioni, gwanda zikiisha kuvuliwa, vijana hukusanyika hapo, na aghalabu yupo mmoja kati yao, mrefu kuliko wenziwe, ambaye hangoji kuulenga mpira kwa mbali, bali huruka, akaupandisha juu ya pete kwa mkono mmoja na kuuzamisha ndani kwa kishindo. Wenzake hupiga makelele. Mtindo huo wa kuzamisha, ambao huwavuta watu viwanjani kuliko mwingine wowote, ulikuwa na bwana wake, naye ni marehemu wa siku nyingi. Tumeona inafaa kuandika habari za maisha yake, wala si kwa sababu ya kuruka kwake tu. Katika historia ya michezo ni watu wachache mno waliojaliwa nguvu kama zake, na wachache zaidi ambao sheria za mchezo ziliandikwa upya ili kuzizuia nguvu hizo. Namna alivyoishi chini ya sheria hizo ndiyo habari tunayotaka kuisimulia kwa ndugu zetu waliokabidhiwa silaha na pingu.

Wilton Norman Chamberlain alizaliwa tarehe 21 Agosti, 1936, katika mji wa Philadelphia, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa watu weusi wa hali ya kawaida. Baba alifanya kazi za mikono, na mama alifanya kazi katika nyumba za watu. Watoto walikuwa tisa. La ajabu ni kwamba wazazi wenyewe hawakuwa warefu. Utotoni Wilt aliugua kichomi kikali, akakosa masomo kwa muda mrefu. Tena mwanzoni hakuupenda hata kidogo mpira wa kikapu. Aliuona kuwa ni mchezo wa watu legelege, akapendelea riadha. Lakini Philadelphia ulikuwa mji wenye wazimu wa mchezo huo, na mtoto aliyekuwa akirefuka kama mwanzi hakuweza kuachwa aende zake.

Alipokomaa alifikia urefu wa mita 2.16. Rafiki zake walimwona kila mara akiinamisha kichwa apate kupita mlangoni, wakamwita Dipper kwa sababu ya kule kuinama, na jina hilo alilipenda mpaka mwisho wa maisha yake. Magazeti yalimpa jina jingine, la kumfananisha na mtu atembeaye juu ya mironjo. Hilo alilichukia. Nasi tunamwelewa, maana mironjo ni miti tu, haina misuli wala akili, na yeye alikuwa na vyote viwili.

Katika shule ya sekondari ya Overbrook aliwahi kufunga pointi 90 katika mechi moja, mwaka 1955. Vyuo vikuu vingi vilimgombea. Akachagua Chuo Kikuu cha Kansas, mamia ya maili kutoka kwao, alikokuwako kocha mzee na mashuhuri, Phog Allen. Huko alikuta jambo ambalo kwa kijana wa Philadelphia lilikuwa zito: migahawa mingi ya sehemu zile haikuwahudumia watu weusi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliingia humo mmoja baada ya mwingine, akaketi, wala hakuondoka mpaka alipoletewa chakula. Ni vigumu kumfukuza mtu wa mita 2.16 aliyeketi kimya.

Hapo ndipo zilipoanza habari za sheria. Msomaji anajua kwamba mchezaji aliyefanyiwa kosa hupewa nafasi ya kutupa mpira bila ya kuzuiwa na mtu, akisimama nyuma ya mstari ulio futi 15 kutoka kwenye ubao. Watu wengine wote huulenga mpira na kumwomba Mungu. Wilt aliweza kupiga hatua nyuma ya mstari, akaruka, akasafiri hewani na kuuzamisha mpira ndani ya pete kabla miguu yake haijagusa chini. Habari hizo zilipofika kwenye kamati ya sheria ya vyuo, wakubwa walishtuka, na mwaka 1956, kabla hata hajacheza mechi yake ya kwanza katika timu kuu ya chuo, iliandikwa kwamba mtupaji hana ruhusa ya kuuvuka mstari mpaka mpira uguse pete au ubao. Tena wenzake walikuwa na mbinu ya kuurusha mpira kutoka nje ya kiwanja, ukapita juu ya ubao, naye akaudaka huko juu na kuuzamisha papo hapo. Mbinu hiyo nayo ikapigwa marufuku. Baada ya hapo ikakatazwa kuusindikiza kwa mkono hadi ndani ya pete mpira uliotupwa na mchezaji mwenzako. Na mwaka 1964 ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, ilipanua eneo la chini ya kikapu, ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, kutoka futi 12 hadi futi 16, na sababu kubwa ilikuwa ni yeye.

Twapenda msomaji alitafakari jambo hili. Kwa kawaida sheria hutungwa ili kuwazuia wakosaji. Hizi zilitungwa ili kumzuia mtu ambaye hakuwa na kosa lolote ila uwezo wake. Angeweza kususa, au kudai kwamba anaonewa kwa rangi yake, na wangekuwapo wa kumwamini. Alilalamika, ndiyo, maana hakuwa bubu. Lakini kila sheria iliyotungwa aliifuata, akaenda kutafuta njia nyingine ya kufunga.

Mechi ya kwanza aliyoicheza katika timu kuu ya Kansas, tarehe 3 Desemba, 1956, alifunga pointi 52. Mwezi Machi uliofuata timu yake ilifika fainali ya vyuo vya nchi nzima, dhidi ya Chuo Kikuu cha North Carolina. Kocha wa North Carolina alifanya hila ambayo hadi leo hutuchekesha: mwamuzi alipowaita wachezaji wawili waruke kuugombea mpira wa kwanza, alimtoa mchezaji wake mfupi kuliko wote akasimame mbele ya jitu. Mpira aliukosa, bila shaka, lakini uwanja mzima ulicheka, na kicheko humpunguza mtu urefu. Tangu hapo watatu walimzunguka Wilt kila alipogeuka. Mechi ilikwenda hadi muda wa nyongeza mara tatu, na Kansas wakashindwa kwa pointi 54 kwa 53. Wilt alitangazwa kuwa mchezaji bora wa mashindano, lakini machungu ya pointi ile moja alikaa nayo kwa miaka mingi.

Mwaka 1958 aliacha chuo, akajiunga na Harlem Globetrotters, ile timu ya wachezaji weusi iliyokuwa ikizunguka dunia na kuchanganya mchezo na vichekesho. Alikwenda nayo hata Moscow mwaka 1959. Baadaye alikumbuka mwaka ule kuwa ni wa furaha kuliko yote, maana watu walikuja kumtazama akiruka bila ya kumwombea aanguke. Kisha akaingia NBA katika timu ya mji wake, Philadelphia Warriors, na msimu wake wa kwanza akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Lakini msimu huo huo karibu aache kabisa. Wapinzani wake, walipoona hawawezi kumzuia kwa halali, walimshika, wakamsukuma, wakamtia viwiko. Kiwiko kimoja, cha mchezaji wa timu ya St. Louis, kilimuumiza meno ya mbele vibaya sana. Msimu ulipokwisha alitangaza kwamba anafikiria kuacha mchezo, na sababu aliyoitoa ndiyo iliyotufanya tumchague kwa ukurasa huu: alihofia kwamba akiendelea kuchokozwa hivyo, siku moja ataishiwa na uvumilivu. Hakuogopa kuumizwa, alijiogopa mwenyewe. Mtu wa kawaida akipandwa na hasira humtoa mwenziwe damu puani. Wilt alijua kwamba mkono wake ungeweza kufanya jambo ambalo haliwezi kutenguliwa.

Alirudi uwanjani. Hatusemi kwamba alikuwa malaika, kwani ugomvi ulitokea mara chache, na waliokuwapo waliukumbuka. Lakini katika NBA mchezaji akifikisha makosa sita hutolewa nje, na Wilt alicheza mechi 1,045 za msimu wa kawaida katika miaka 14 asitolewe kwa makosa hata mara moja. Mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wote, aliyesimama muda wote mahali penye msukumano mkubwa, hakuwahi kuufikia mpaka huo! Wapo waliomlaumu kwa hilo pia. Walisema kwamba akiisha kufanya makosa manne au matano alilegea, akawaacha wapinzani wafunge kuliko kuhatarisha sifa yake. Pengine upo ukweli ndani ya lawama hiyo. Hata hivyo sisi tunaona kwamba mwenye kulaumiwa kwa kujizuia mno ana kesi nyepesi kuliko yule alaumiwaye kwa kutojizuia.

Msimu wa 1961 hadi 1962 ulikuwa wa maajabu. Mechi ya NBA ni dakika 48, naye kwa wastani alicheza dakika 48 na nusu, kwa kuwa zilikuwapo zilizoongezwa muda. Katika msimu mzima alikosa dakika 8 tu, na hizo alizikosa kwa sababu mwamuzi alimtoa nje kwa kubishana naye. Hapo, tukubali, ulimi ulifanya ambalo mikono ilikataa. Wastani wake wa pointi ulikuwa 50.4 kwa kila mechi.

Tarehe 2 Machi, 1962, Warriors walikutana na New York Knicks katika mji mdogo wa Hershey, unaojulikana kwa kiwanda chake cha chokoleti. Watazamaji walikuwa 4,124, na hapakuwa na kamera ya televisheni. Nusu ya kwanza ilipokwisha Wilt alikuwa na pointi 41. Robo ya tatu ilipokwisha, 69. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Knicks, kwa kuikwepa aibu, wakawa wanawafanyia makosa wachezaji wengine ili mpira usimfikie yeye; Warriors nao wakawafanyia Knicks makosa ili waupate mpira upesi. Ulikuwa mchezo wa fujo kidogo, tuseme kweli. Ilipobaki chini ya dakika moja alitimiza pointi 100, na watu wakamiminika uwanjani. Matokeo yalikuwa 169 kwa 147. Mwenzake, Al Attles, hakukosa hata mtupo mmoja usiku ule, lakini ni nani amkumbukaye?

Katika pointi hizo 100, 28 zilitokana na mitupo huru, aliyoipata mara 28 katika majaribio 32. Hili ni jambo la kushangaza, kwa kuwa mtupo huru ndio uliokuwa ugonjwa wake. Msimu ule aliutupa mpira kwa mikono miwili kutoka chini, kati ya magoti, kama mtu amwagaye maji ya ndoo, na mtindo huo ulimfaa: kati ya mitupo 100 aliingiza 61. Kisha akauacha. Baadaye aliandika kwamba alijiona kama mjinga, kwamba mtindo ule haukufanana na mwanamume. Akarudi kwenye mtindo wa kawaida, na mitupo yake ikaharibika kwa kadiri kwamba msimu mmoja aliingiza 38 tu katika kila 100. Mtu aliyestahimili viwiko na matusi hakustahimili kuchekwa. Na katika mechi nyingi zilizopotea kwa pointi moja au mbili, mitupo ile ilikumbukwa kwa uchungu.

Kuna jambo jingine la kiburi linalofanana na hilo. Yeye aliyekuwa bwana wa kuzamisha, mara nyingi alikataa kuzamisha. Alichoshwa na wale waliosema kwamba hana ufundi, ana urefu tu. Basi, ili kuwaonyesha, alijifunza kuruka kinyumenyume akiutupa mpira kwa mbali, au kuuviringisha kwa ncha za vidole hadi ndani ya pete. Ilipendeza sana. Lakini kila alipofanya hivyo wapinzani walishukuru kimoyomoyo, kwa maana jitu lilikuwa likiondoka lenyewe chini ya kikapu.

Hasimu wake mkubwa alikuwa Bill Russell wa Boston Celtics, mchezaji mfupi kuliko yeye na asiyefunga sana, lakini ambaye timu yake ilitwaa ubingwa mara 11 katika miaka 13. Walikutana zaidi ya mara 140. Tarehe 24 Novemba, 1960, Wilt alinyakua mipira 55 iliyorudi kutoka ubaoni, mbele ya Russell mwenyewe, na hajatokea katika NBA aliyeivunja rekodi hiyo. Hata hivyo Boston ndio walioshinda. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila mwaka. Wilt alipata takwimu, Russell akapata vikombe, na watu wakasema kwamba mmoja alicheza kwa ajili ya timu na mwingine kwa ajili ya jina lake. Wilt alilalamika kwamba katika kisa cha Daudi na Goliathi hapana amshangiliaye Goliathi. Nje ya uwanja, lakini, walikuwa marafiki. Sikukuu ya Kushukuru ilipowakutanisha Philadelphia, Russell alikwenda kula nyumbani kwa mama yake Wilt, akashiba, akalala kitandani kwa mwenyeji wake, kisha usiku wakaenda uwanjani kupigania mpira.

Kocha Alex Hannum ndiye aliyembadilisha. Mwaka 1966, katika timu ya Philadelphia 76ers, alimshawishi apunguze kufunga, awalishe wenzake na alinde kikapu. Mtu aliyewahi kupata wastani wa pointi 50 akakubali kupata 24. Timu ilishinda mechi 68 na kushindwa 13, ikawang'oa Boston kwa mechi nne kwa moja, ikatwaa ubingwa wa mwaka 1967. Msimu uliofuata Wilt aliongoza ligi nzima kwa idadi ya pasi za kufungisha, jambo ambalo mchezaji wa kati wa NBA hakuwahi kulifanya.

Mwaka 1968 alihamia Los Angeles Lakers, na tarehe 5 Mei, 1969, ikafika mechi ya saba ya fainali, kwa mara nyingine dhidi ya Boston ya Russell. Mwenye timu alikuwa amekwisha kutundika maelfu ya maputo darini, yaangushwe Lakers watakaposhinda. Katika dakika za mwisho, Boston wakiongoza, Wilt aliumia goti akatoka. Wenzake bila yeye wakaupunguza upungufu hadi pointi moja. Goti lilipotulia aliomba kurudi. Kocha wake, Butch van Breda Kolff, ambaye hawakupatana kwa muda mrefu, alikataa. Akaomba tena. Akakataliwa. Basi mchezaji mwenye nguvu kuliko wote duniani aliketi benchi, akaitazama timu yake ikishindwa kwa pointi 108 kwa 106, na maputo yakabaki darini. Hatudhani kama kuna msomaji awezaye kuzielewa dakika hizo kuliko askari aliyewahi kupewa amri ambayo moyoni aliiona kuwa ni ya makosa.

Uchungu uliongezeka pale Russell, aliyestaafu baada ya mechi hiyo, alipomlaumu hadharani kwa kutoka uwanjani. Wilt alihesabu jambo hilo kuwa ni usaliti, na wawili waliokula sahani moja hawakusemezana kwa zaidi ya miaka 20. Walipatana uzeeni.

Msimu uliofuata goti liliumia vibaya zaidi. Akajitibu kwa kukimbia mchangani ufukweni na kucheza mpira wa wavu, mchezo alioupenda tangu hapo hata akawa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 35, anayefunga kidogo na kulinda sana, aliiongoza Lakers kushinda mechi 33 mfululizo na kutwaa ubingwa, mechi ya mwisho akiicheza na mkono ulioumia. Mwaka 1973 akaacha. Alikuwa amefunga pointi 31,419, rekodi iliyodumu hadi mwaka 1984.

Maisha yake ya baadaye tutayapita upesi. Alicheza sinema, alifundisha timu kwa muda mfupi, na mwaka 1991 aliandika kitabu ambamo alijisifu kwa habari za wanawake, majisifu yaliyomharibia jina kuliko viwiko vyote alivyowahi kupigwa. Hakuoa.

Alifariki tarehe 12 Oktoba, 1999, nyumbani kwake Los Angeles, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 63. Russell alikuwa miongoni mwa waliomlilia hadharani. Mwezi Desemba 2014 idara ya posta ya Marekani ilitoa stempu mbili zenye picha yake, na akawa mchezaji wa kwanza wa NBA kuheshimiwa hivyo. Hata hapo utaratibu ulibidi ubadilishwe: stempu hizo zilifanywa ndefu kuliko za kawaida, karibu inchi mbili, ili mwili wake upate kuenea.